Mkalimani wa Maharusi

Mdogo wangu aliweka simu yake juu ya robota nililokuwa nalishona, akanishika mkono.

"Dada, acha kwanza. Tazama."

Kwenye kioo kulikuwa na kijiji cha wavuvi, cha kule Ulaya kwenye bahari ya Mediterania. Nyumba nyeupe zimepandana juu ya mwamba, milango ya buluu, maua ya zambarau yanamwagika ukutani, na chini kabisa mashua zimepangwa kama viatu nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Nikajua mumewe kamwahidi safari. Kitu kikanichoma kifuani hata kabla sijauliza.

"Mnakwenda lini?"

"Jumanne." Alipouona uso wangu akacheka. "Si Ulaya, dada. Ni hapa hapa, nje ya mji. Wachina wamekijenga kwa ajili ya picha za harusi. Wanakuvisha, wanakupamba, wanakupiga picha mchana kutwa. Ila hawajui Kiingereza, na simu ikitafsiri inasema maneno ya ajabu. Mume wangu kasema bila wewe hatuendi."

Mume wangu. Alilitamka neno lile kama mtu anayejaribu kiatu kipya ndani ya nyumba kabla hajatoka nacho.

Mdogo wangu huyu ni mtoto wa mama mdogo, na nilimleta mwenyewe kutoka Tanga anisaidie kazi. Nina ofisi ndogo ya kago hapa Sanyuanli, mjini Guangzhou. Wafanyabiashara wa kwetu wananunua mali, wananiletea, ninapima, ninafunga, ninawakusanyia kwenye kontena moja mpaka Dar na Unguja. Kichina nilikiokota humo humo, kwa kugombana na madereva wa malori na wenye maghala. Nilikuja na mume. Mume akarudi nyumbani, akanipa talaka kwa simu, mimi nikabaki na ofisi. Maisha yakawa yanakwenda.

Ndipo alipoanza kuja yule bwana. Mtu wa Unguja, mpole, anayenunua nguo za kike kwenye majengo ya soko la Shahe. Kwa kawaida mteja huleta mzigo, huchukua risiti, huenda zake. Yeye alikuwa anakaa. Kulipokuwa na baridi alikuwa ananunua viazi vitamu vya kuchoma kwa mama mmoja mwenye pipa la moto pale kwenye kona, anakuja navyo ndani ya koti, tunavila tumeegemea marobota huku tukipuliza vidole.

"Bibie," ndivyo alivyokuwa akiniita, "wewe ukicheka mtu anasahau kama yuko ugenini."

Nikaanza kupaka wanja asubuhi. Nikanunua mtandio wa rangi ya komamanga, mimi ambaye kwa miaka nilikuwa nikivaa nyeusi kwa sababu ya vumbi la mizigo. Nilimzidi umri, si sana, nikajiambia kwamba hilo si tatizo kwa watu wazima. Mdogo wangu alipofika kutoka Tanga, yule bwana hakuacha kuja, na mimi nikaendelea kudhani kila kiazi ni changu.

Siku moja akaniomba tuzungumze faragha. Nikamtuma mdogo wangu akanunue kamba, nikaurudisha mlango, nikatengeneza mtandio wangu. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki akitazama viatu vyake.

"Bibie, sijui nianzie wapi. Hapa ugenini wewe ndiye mzazi wake. Nataka kuleta posa kwa mdogo wako."

Nikacheka. Ndicho kilichonijia. Kisha nikasema yote yanayotakiwa kusemwa: hongera, jambo la heri, nitazungumza na mama mdogo. Nadhani sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Ndoa ikafungwa msikitini, pilau nikaipika mimi, na kuanzia hapo bibie akafa. Nikawa shemeji.

Kwa hiyo Jumanne nilikwenda, kwa kuwa kama ningekataa ningedaiwa sababu. Nilikaa mbele na dereva, wao nyuma. Kila nilipotupa jicho kwenye kioo cha dereva niliona mkono wa yule bwana umefunika mkono wa mdogo wangu juu ya kiti, umetulia, kama umewekwa pale siku nyingi. Nikageukia dirishani nikawa nasoma vibao vya barabara kuu, kimoja baada ya kingine, hata vile nisivyojua maana yake.

Kijiji chenyewe kilikuwa nyuma ya geti kama la kiwanda. Ukishavuka geti, kweli unashtuka. Ngazi za mawe zinapanda zikipinda, paka mmoja wa kweli kalala juu ya ukuta, nyavu zimetandazwa kama zinaanikwa. Niligonga ukuta wa nyumba moja nikasikia utupu ndani. Malimau ya plastiki yalikuwa yamefungwa mtini kwa waya. Bahari ilikuwa bwawa pana la maji ya kufika magotini, sakafu yake vigae vya buluu, na nyuma ya mnara wa kengele ghorofa za watu zilichungulia na nguo zao zilizoanikwa kwenye roshani.

Bwana harusi akavuta pumzi ndefu. "Kijiji cha wavuvi gani hiki? Hakinuki hata dagaa mmoja!"

Mimi nikacheka kabla mkewe hajacheka. Mdogo wangu alinitazama mara moja tu, akamshika mumewe mkono wakatangulia.

Nilijua kila kitu pale ni sementi na rangi. Hata hivyo nilikionea wivu. Nilizionea wivu zile ngazi kwa sababu wao ndio wangezipanda wameshikana, na ule mlango wa buluu kwa sababu wangesimama mbele yake kana kwamba wakimaliza wataingia ndani wapike.

Chumba cha kuvalia kilijaa mabibi harusi wa Kichina, kila mmoja na mama yake au rafiki yake anayembebea maji na viatu. Msichana wa kupamba alimtazama mdogo wangu, akatazama makopo yake ya poda, yote meupe kama unga wa muhogo. Akaniambia lile neno ambalo mfanyabiashara yeyote Guangzhou hulijua kabla hajajua salamu: "Meiyou." Hakuna.

Nikafungua mkoba wangu, nikatoa poda yangu. Nilimpaka mwenyewe, taratibu, huku kafumba macho na kuninyooshea kidevu kama alipokuwa mdogo nikimfuta makamasi. Poda yangu ilimkaa kuliko inavyonikaa mimi. Kwangu hujikusanya kwenye mikunjo ya macho, kwake ilipotelea ndani ya ngozi. Nikamvisha kilemba cheupe, nikambana pini. Alipofumbua macho akajiona kwenye kioo.

"Dada, ni mimi?"

"Ni wewe," nikasema, nikafunika poda yangu.

Mpiga picha alikuwa mwanamke wa makamo, nywele kazikata kama za mwanamume, mikono imeungua jua. Alikuwa anatembea kinyumenyume bila kujikwaa na anasema bila kupumzika. Kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na bega lake na kuyageuza yote yawe Kiswahili.

"Anasema, shemeji, msogelee."

Akasogea.

"Anasema umtazame kana kwamba ulikuwa baharini muda mrefu, na leo ndiyo umerudi umemkuta yuko mlangoni."

Nilitegemea itamchukua muda. Wanaume wa kwetu mbele ya kamera husimama kama wanapigwa picha ya pasipoti. Lakini yeye aligeuza uso tu, akamtazama, na ule mtazamo ukatoka palepale, bila kufundishwa. Hata mpiga picha akanyamaza. Kamera ikalia na kulia. Mimi nilitazama nyavu.

"Sasa mwambie amshike kiuno. Asiogope, ni mkewe."

"Shemeji, anasema mshike kiuno. Usiogope."

"Mwambie bibi harusi aweke kichwa kifuani kwake, asikilize moyo."

"Mdogo wangu, weka kichwa kifuani kwake. Sikiliza moyo."

Ndivyo ilivyokwenda asubuhi nzima. Maneno ambayo kwa umri wangu wote sikuwahi kumwambia mwanamume kwa sauti, siku ile niliyasema yote, moja moja, nikimwambia mwanamume niliyemtaka amfanyie mwanamke mwingine. Na ilibidi niyaseme vizuri. Nikiyasema kwa ukavu, wao walikakamaa, mpiga picha ananigeukia na kuniuliza kama nimefikisha. Kwa hiyo nililainisha sauti. Nikawa nazungumza kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Kisha mpiga picha akasema, "Mwambie amnong'oneze neno moja sikioni. Neno lolote analolipenda yeye."

Nikafikisha. Akainama, akamnong'oneza. Mdogo wangu akacheka mpaka akajifunika uso kwa shada la maua, na hiyo, nilikuja kuambiwa, ndiyo picha bora ya siku nzima. Neno lenyewe sijui lilikuwa lipi. Nilisimama pale, mtu ambaye kila kilichosemwa kilipitia kinywani mwake, na hilo moja likanipita.

Mchana tulikula kwenye meza za mbao kando ya lile bwawa. Niliuliza jikoni wana nini kisicho na nguruwe, wakatuletea wali, mayai na nyanya. Bwana harusi alimkunjia mkewe mikono ya gauni isiingie mchuzini, akamkunjia upande mmoja, akazunguka meza akamkunjia upande wa pili. Mpiga picha alikuwa amekaa nami, anakula haraka haraka.

"Mume wako yuko nyumbani?" akaniuliza.

"Sina."

"Aa. Na mimi sina." Akaelekeza kijiti chake cha kulia kwa wale wawili. "Kila siku mimi natazama hivi. Zamani nilikuwa nikirudi nyumbani nalia."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi nikirudi nalala. Nachoka sana."

Tulicheka. Mdogo wangu akauliza tunacheka nini. Nikamwambia tunacheka nyanya.

Baada ya kula mdogo wangu alikwenda kubadilisha gauni, la pili lilikuwa la rangi ya samawati na mkia mrefu. Mpiga picha hakutaka jua lipotee. Akanivuta mkono mpaka mbele ya ule mlango wa buluu.

"Simama hapa badala yake, nipime mwanga. Bwana, wewe simama hapo hapo. Lai, lai, njoo, karibia kidogo."

Nikasimama. Nilikuwa na viatu vyangu vya kazini na ule mtandio wa rangi ya komamanga, ambao asubuhi nilijiambia nimeuvaa kwa bahati tu. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya udi kwenye kanzu yake. Mpiga picha akatuambia tugeuke hivi, tugeuke vile, akainama kwenye kamera yake akiguna. Mbele yetu maji yalimeremeta na mashua zikatikisika kidogo, na kwa kitambo kile sikuona ghorofa wala geti. Niliishi pale. Sioni haya kusema hivyo.

"Shemeji," akasema taratibu, "sijapata nafasi ya kukushukuru. Unakumbuka nilivyokuwa nakuja na viazi? Kila siku nikitoka nyumbani najiambia, leo nitamwambia dada mtu. Nikifika, ulimi unakufa."

Kisha nikasema kile ambacho sikupanga kukisema.

"Lakini ulianza kuja kabla yeye hajafika kutoka Tanga."

Niliuona upande wa uso wake, ndevu zake zilizochongwa vizuri.

"Ndiyo," akasema. "Nilianza kuja kabla."

Alitaka kuongeza jambo. Naamini alitaka. Lakini mpiga picha akainua kichwa akatazama nyuma yetu, akatabasamu, nasi tukageuka. Mdogo wangu alikuwa juu ya ngazi, ameshika mkia wa gauni la samawati kwa mikono miwili. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alikuwa mzuri wa kutisha, na hakuwa anacheka.

"Ahsante, dada," akasema. "Nimeshafika. Nipishe."

Aliposema vile, nilisikia utamu. Nilikuwa nimebeba wivu wangu tangu asubuhi kama mtu aliyebeba gunia peke yake, na ghafla nimeona mwingine naye kapinda mgongo. Utamu wenyewe haukudumu. Nilipopita karibu naye nikaona kidevu chake kinatetemeka, na pini moja ya kilemba imelegea. Nikanyoosha mkono niibane. Akasogeza kichwa.

"Acha. Nitabana mwenyewe."

Jioni ile yote alikuwa hangoji tafsiri yangu. Mpiga picha akisema, yeye anatazama mikono yake na kukisia. Akikosea, anakosea. Kwenye picha ya mashua aliambiwa akae nyuma, yeye akasimama mbele, mashua ikaenda mrama, mumewe akaruka ndani ya maji na kanzu yake kumshika. Watu wote wakashangilia, mabibi harusi wengine na mama zao, na mpiga picha hakuacha hata dakika moja kubonyeza kamera. Mimi nilikuwa kandokando, nimeshika viatu vya bibi harusi.

Kurudi mjini, mdogo wangu alikaa katikati kwenye kiti cha nyuma, na mikono yote miwili akaishika ya mumewe. Nilikaa mbele. Dereva akaniuliza kama ni wanangu.

Walikuwa wakiishi kwangu mpaka wapate safari ya kurudi Unguja. Tulipofika, mumewe alikwenda msikitini kuswali magharibi, akatuacha jikoni. Mdogo wangu alikuwa bado na poda yangu usoni. Nilikuwa namenya vitunguu.

"Mlikuwa mnazungumza nini pale mlangoni?"

"Viazi."

"Dada, usinifanye mtoto."

"Kweli viazi. Muulize mumeo."

Akasimama, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye, vibaya, akitupa nusu ya kitunguu pamoja na maganda. Kisha akauliza bila kuniangalia:

"Ulikuwa unamtaka?"

Ningeweza kucheka tena, kama nilivyocheka ofisini. Nilichoka.

"Nilimtaka."

Kisu chake kikasimama. "Na yeye?"

"Yeye kakuposa wewe. Ulitaka akujibu vipi zaidi ya hapo?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Hakuna aliyeniahidi kitu. Nililetewa viazi."

Akalia. Sikujua kama analia kwa ajili yangu au kwa ajili yake, na sikumuuliza. Nilimfuta uso kwa pindo la kanga, poda ikabaki kwenye kanga. Akasema, "Nisamehe," nikamwambia hana kosa, na hilo lilikuwa kweli. Akasema, "Basi usiwe unacheka kabla yangu akisema jambo." Hilo nalo lilikuwa kweli. Nikamwambia nitajitahidi.

Mumewe aliporudi alitukuta tumekaa, kila mmoja macho mekundu. Akauliza kuna nini. Tukajibu kwa pamoja kwamba ni vitunguu.

Walisafiri kabla ya Ramadhani. Kwenye uwanja wa ndege yule bwana aliniaga kwa heshima, mkono kifuani, "Shemeji, tuombeane." Mdogo wangu akanikumbatia kwa muda mrefu, kisha akamshika mumewe na kumgeuza waende. Nilirudi kwa treni ya chini ya ardhi. Nilikaa nikiwaza lile jambo alilotaka kuliongeza pale mlangoni, nikalitungia maneno ya aina nyingi. Naendelea kuyatunga mpaka leo, ingawa nimeshaelewa kwamba pengine alitaka kusema tu kuwa palikuwa na joto.

Mpiga picha alikuwa amechukua namba yangu. Akipata maharusi wa Kiafrika ananipigia, nami nafunga ofisi nakwenda. Juzi walikuwa wawili kutoka Lubumbashi, wanaozungumza wao kwa wao Kifaransa na kwangu mimi Kiswahili chao cha kule. Nimeshakijua kile kijiji. Najua ni ngazi gani ina utelezi, najua paka analala wapi. Bado nikifika kwenye ile sehemu ya kunong'onezana najikuta nasogeza sikio.

Mdogo wangu ana mimba. Alinipigia mwenyewe kabla hajamwambia mtu mwingine Tanga, akaniambia kwa sauti ya chini, na nyuma yake nikamsikia mumewe akiuliza wameweka wapi sukari. Nikampongeza. Nikakata simu, nikakaa juu ya robota, nikasema maneno fulani ambayo siyaandiki. Kesho yake nikaenda Shahe, nikapanda ghorofa moja baada ya nyingine nikitafuta nguo za mtoto mchanga, pamba tupu, zisizo na nyuzi za kumkwaruza. Laoban mmoja, mwenye duka, akaniuliza kama nataka za jumla. Nikamwambia hapana, ni za mtoto mmoja tu. Nilipekua mali yake yote, nikamrudishia kila nguo iliyokuwa na mshono mbaya, mpaka akakasirika.